Utungu wa Kinanda

Sipendi kuambiwa kitu kimekufa kabla sijakifungua. Redio haifi, hunyamaza, na kunyamaza kuna sababu zake. Kwa hiyo asubuhi ile ya Jumatatu, Bi Mardhiya alipoingia dukani kwangu hapa Mokowe, nyuma yake hamali amebeba kitu kilichoviringishwa kwa shuka mbili, akaanza na "Fundi, najua hiki kimeshakufa," nilimkata kauli papo hapo. Nilimwambia akae kwanza, matanga tutayaandaa baadaye.

Hakucheka. Bi Mardhiya hufundisha hesabu Lamu mjini, na maneno yake huyatoa kwa kipimo. Nilikuwa nimemtengenezea projekta ya shule mara mbili, ndiyo maana alinikumbuka. Alikaa kwenye stuli, akaweka mkoba magotini, akaningoja nifungue shuka.

Kilikuwa kinanda cha umeme, lakini si hivi vya plastiki ninavyopiga kanisani kila Jumapili. Kilikuwa sinthesaiza ya Kijapani ya miaka ya sabini, mbavu za mbao, vitufe thelathini na saba, na juu ya vitufe safu mbili za vifundo vya kuzungusha. Vinanda vya siku hizi vimewekewa sauti tayari ndani. Ukibonyeza, unafunguliwa kopo. Hiki hakina sauti iliyohifadhiwa. Kina umeme unaotetemeka, na kila kifundo ni patasi ya kuuchonga mtetemo huo: hapa unaupunguza makali, hapa unaurefusha mkia, hapa unaufanya uanze taratibu badala ya kukurupuka. Nilikuwa nimeviona kwenye simu tu, watu wa nchi za mbali wakivipangusa na kuvisifu. Sikutarajia kimoja kipige hodi Mokowe. Nilikizunguka mara mbili kabla ya kukigusa, na sioni haya kulisema.

Bi Mardhiya akanieleza. Kinanda kilikuwa cha marehemu baba yake, Bwana Obeid, aliyekuwa fundi saa mchana na mpiga taarabu kila palipokuwa na harusi. Alikipata mwaka elfu moja mia tisa na themanini kutoka kwa bendi ya hoteli moja ya Malindi iliyokuwa inavunjika. Akatoa saa ya ukutani, akabeba kinanda. Mwimbaji wake alikuwa mkewe, Bi Umulkheir. Wawili hao waliitwa kila mahali, kuanzia Lamu mjini hadi Chundwa kule kisiwani Pate, na watu walisema bi harusi asiyeimbiwa na Bi Umulkheir ameolewa nusu. Bwana Obeid alipofariki, miaka kumi na miwili iliyopita, kinanda kiliwekwa juu ya kabati na mkewe hakuimba tena.

"Mama ana tezi shingoni," akasema Bi Mardhiya. "Anapasuliwa Mombasa baada ya wiki mbili, Jumatatu. Daktari ametuambia mshipa wa sauti unapita hapo hapo. Kuongea ataongea. Kuimba hakuahidi."

Bi Umulkheir alikuwa amelipokea hilo vizuri kuliko watoto wake. Aliomba jambo moja tu: aimbe wimbo mmoja na kinanda cha mumewe kabla hajapanda basi, na urekodiwe. Bi Mardhiya alikuwa amemletea kinanda cha shule akidhani vinanda ni vinanda. Mama yake alikitazama, akauliza kama kina redio pia, akakataa hata kukikaribia.

Nilimwahidi Alhamisi ya wiki ya pili. Nilikuwa sijakifungua bado, na ahadi kama hizo ndizo zinazowatia mafundi aibu, lakini siku ile ningeahidi chochote.

Nilipokifungua nilikuta nyumba ya nyigu, ile ya udongo, imejengwa juu ya transfoma, na maganda matatu ya mayai ya mjusi. Hewa ya bahari ilikuwa imefanya kazi yake: shaba yote imeota kijani. Lakini chini ya uchafu huo nilikuta kazi iliyonifanya nivute stuli nikae nitazame tu. Nyaya zilikuwa zimefungwa mafungu kwa uzi wenye nta, fundo baada ya fundo, yote sawasawa, na aliyezifunga alijua kwamba kifuniko kikishafungwa hakuna atakayeziona. Nilimheshimu mtu huyo nisiyemjua. Siku hizi mambo ya ndani hugandishwa kwa gundi na Mungu ajua mengine.

Nikafanya kazi. Nilibadilisha kapasita, vile vikopo vidogo vinavyotunza umeme, zote zilizovuja. Nilisugua vidole vya shaba vilivyo chini ya vitufe, kimoja kimoja, kwa pamba na spiriti. Nilipaka mafuta mbao za mbavu hadi zikarudi rangi. Siku ya tano nikakiunganisha na spika, nikasubiri nusu saa, maana vitu hivi havina adabu vikiwa baridi. Mpaka vipate joto ndipo vinatulia. Kisha nikabonyeza.

Ilitoka sauti nene, ya chini, yenye mikwaruzo. Kamau, anayeuza mabomba na mifereji duka la pili, alikuja mbio kuuliza ni mnyama gani. Nikazungusha kifundo cha chujio, kile cha kupunguza makali, polepole, na sauti ile ile ikang'aa, ikapanda, ikawa filimbi, ikarudi ikawa koo la mtu. Kamau akasimama mlangoni robo saa nzima na wateja wake wanamwita. Nilimwacha azungushe mwenyewe. Alizungusha huku ametoa ulimi kidogo, na mimi nilifurahi kuliko siku ile mwanangu alipopita mtihani, jambo ambalo mke wangu asilisome.

Tatizo lilikuwa moja. Sauti mbili hazikuwa sawa. Sisi wa kanisani tunaziita mi na ti, ya tatu na ya saba ukipanda kutoka do. Katika kila mzunguko wa vitufe kutoka do hadi do, yote mitatu, mi na ti zilikuwa chini ya mahali pake. Si chini sana. Zilikuwa zimelegea, kama mtu aliyeketi ukingoni mwa kiti. Nina programu katika simu inayopima sauti, na sauti ikikaa sawa huwaka kijani. Vitufe vingine vyote vilikuwa vimewaka kijani. Hivi sita viliwaka nyekundu.

Nikafuata nyaya za vitufe hivyo mpaka kwenye rezista, vile vidude vidogo vinavyoamua kila kitufe kipate umeme kiasi gani. Katika mstari mzima rezista zote ni za aina moja, isipokuwa kumi na mbili. Hizo kumi na mbili zilikuwa za aina nyingine, zimekwaruzwa ubavuni kwa kitu fulani, kisha zikapakwa rangi nyekundu iliyokauka na kupasuka. Niliguna. Nikasema, huyu marehemu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa saa na angebaki kwenye saa. Nikazing'oa zote, nikaweka mpya, nikapima. Kijani, kijani, kijani. Zile za zamani nikazifagia na takataka nyingine, na jioni jirani mmoja akazichoma pamoja na za kwake. Nilikuwa na raha kubwa.

Alhamisi nilivuka kwa boti hadi Lamu mjini na kinanda, nikakipeleka mwenyewe nyumbani kwao. Bi Umulkheir alinipokea ukumbini, mwanamke mwembamba wa miaka sabini na mbili, buibui jeusi, mtandio umekaa vizuri shingoni kuficha uvimbe. Alinitaka hali, na hali ya watoto, na ya kwetu Nyamira huko bara, ambako hakuwahi kufika. Sauti yake ya kuongea ilikuwa na ukungu kidogo. Alikipangusa kinanda kwa ncha ya mtandio wake, mbavu zote mbili, ndipo akaniruhusu kukiwasha.

Kilipopata joto nilimpigia kipande kirefu, nikipanda na kushuka, nijionyeshe. Alifumba macho. Nilipomaliza hakuyafumbua upesi.

"Ni kizima, fundi, Mngu akujazi kheri," akasema. "Lakini umekitoa utungu."

Mimi kwetu utungu naujua: ni ule wa mwanamke anayejifungua. Sikuelewa mambo ya uzazi yameingiaje kwenye kinanda. Bi Mardhiya akaingilia, akaniambia kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, utungu ni uchungu, na mama yake anasema kinanda kimekuwa kitamu mno. Damu ikanipanda. Wiki na nusu nimeinamia kitu kile, mgongo unaniuma, nimetoa nyigu na mayai ya mjusi, na sasa nalaumiwa kwa utamu. Nikatoa simu, nikabonyeza mi, nikamwonyesha Bi Umulkheir ile rangi ya kijani. Nikamwambia hii haina upendeleo, simu haidanganyi.

Aliitazama simu kwa heshima, kama anavyotazamwa mgeni aliyekosea nyumba.

"Simu yako yaimba?" akaniuliza.

Nikairudisha simu mfukoni. Akajaribu kuimba nami hata hivyo, kwa kunitunzia uso. Alianza vizuri, na pale pale alipofika kwenye mi, sauti yake ikaenda upande mmoja na kinanda upande mwingine, vikasagana. Akanyamaza. Akarudia, yale yale. Kisha akasema amechoka, akaniaga kwa ukarimu wote, akaingia ndani. Bi Mardhiya alinisindikiza mpaka mlangoni, na nilijua kwamba zilibaki Ijumaa na Jumamosi tu, maana basi lao lilikuwa la Jumapili alfajiri.

Katika boti ya kurudi, kinanda nimekiacha kwao, nilikuwa bado na hasira, nikijihesabia makosa ya wengine. Sikio la bibi limezeeka. Spika yao mbaya. Ndipo nikazikumbuka zile rezista. Zilikuwa kumi na mbili, si kumi na moja. Zilikaa mbili mbili, moja upande huu wa kitufe na moja upande ule, na zilikuwa kwenye mi na ti tu, mizunguko yote mitatu. Chumvi hula popote inapofika; haichagui vitufe viwili na kuviruka vingine. Na ile mikwaruzo: fundi saa ana tupa ndogo kuliko za mafundi wote duniani. Rezista ya zamani ya kaboni, ukiikwaruza kwa tupa, kipimo chake hupanda kidogo kidogo, kisha unalifunika jeraha lake kwa rangi isinyonye unyevu. Mtu huyu alikuwa amekaa akikwaruza, akisikiliza, akikwaruza tena, mara kumi na mbili, mpaka sauti mbili zikakaa pale alipozitaka. Kwa nini mbili mbili? Kwa sababu ukishusha kitufe kimoja bila kurudisha upande wa pili, vyote vya juu yake vitashuka nacho. Alilijua hilo. Ilikuwa kazi safi kuliko yangu yote ya wiki ile, na mimi nilikuwa nimeifagia.

Sitaki kuficha: niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Sikuwa nimezipima kabla ya kuzing'oa. Fundi wa mwaka wa kwanza hupimishwa kila kitu kabla ya kutoa. Mimi niliamini sikio langu la kanisani na kijani cha simu, na sasa kipimo cha Bwana Obeid hakikuwa popote duniani, isipokuwa katika koo moja ambalo Jumatatu lingepasuliwa.

Ijumaa nilivunja televisheni mbili mbovu kutafuta rezista za kuzungusha kwa bisibisi, zile za miguu mitatu. Mguu wa kati ukiunganishwa na kitufe, unaweza kukipandisha au kukishusha hicho peke yake bila kuwasumbua majirani. Nilihitaji sita. Nikapata saba, moja imevunjika mguu.

Jumamosi nilifika kwao kabla ya saa nne, nikiwa na mfuko wa vifaa. Bi Mardhiya alinizuia barazani. Hakupandisha sauti, lakini alikuwa amekasirika kweli. Alisema tangu Alhamisi mama yake amekauka koo, na daktari alikataza asilichoshe.

"Ana wimbo mmoja tu ndani, fundi," akaniambia. "Ukiutumia kupimia kinanda, tutarekodi nini?"

Alikuwa na haki. Nikamwambia hivyo, na nikawa tayari kuondoka. Wangeweza kurekodi bila kinanda, au na kinanda kikae kimya penye vile vitufe viwili. Ndipo sauti ya Bi Umulkheir ikatoka ndani, ikisema mgeni apite.

Niliketi mbele yake, nikakiri. Nilimweleza nilichokikuta, nilichokidhania, na nilichokifanya. Nilisema nimezitupa, zimechomwa. Nilitarajia machozi au lawama. Yeye aliuliza hiyo rangi nyekundu ilikuwa nyekundu ya namna gani. Nikasema kama rangi ya kucha.

Bi Umulkheir akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, Bi Mardhiya akamletea maji. Kumbe mwaka ule wa themanini na moja alikuwa na chupa ya rangi ya kucha aliyoletewa kutoka Mombasa kwa harusi ya dadake, ikapotea, akamtuhumu wifi yake, na wifi na yeye hawakusemezana mwaka mzima. Bwana Obeid alikuwapo wakati wote huo, akila chakula chake, akiwasuluhisha.

Kisha kicheko kikaisha, na uso wake ukabadilika. Aliangalia vitufe.

"Siku tatu alikiweka wazi hapa," akasema, "zitu zake zote tini, kwenye mkeka. Mimi napika. Anambia, Umu, imba hapo, shika hapo hapo usiondoke. Nami nikashika, huku nakoroga. Nilidhani ataka nimwimbie asisinzie."

Akapitisha kidole juu ya vitufe bila kuvibonyeza.

"Basi si yake sauti ile," akasema. "Alinipima mimi."

Miaka thelathini alikuwa ameimba akiamini anakifuata kinanda cha mumewe. Niliona alivyokuwa analipanga upya jambo hilo moyoni, harusi baada ya harusi. Mimi mwenyewe, mgeni, nilijisikia kama nimeingia chumbani mwa watu. Nilimpenda marehemu yule. Kuna wanaume wanaoandika barua. Huyu alichukua tupa.

Bi Mardhiya akapiga magoti mbele ya mama yake, akamsihi atunze sauti kwa ajili ya wimbo. Bi Umulkheir akamshika shavu. "Niwate, mama," akamwambia, kwa maana ya niache, akimwita mama kama wazee wa pale wanavyowaita binti zao wakiwabembeleza. "Wimbo pasi na sauti hiyo ni kusoma tu."

Nilikifungua kinanda pale pale, nikazichomelea zile rezista za kuzungusha, nikakiwasha, tukakingojea kipate joto. Nikabonyeza mi na kuishikilia, bisibisi mkono wa pili, na yeye akafungua kinywa akaitoa sauti moja, ndefu, bila maneno. Sikuwahi kuisikia kwa karibu hivyo. Ilikuwa nyembamba kwa maradhi lakini haikuyumba hata kidogo. Nikazungusha.

"Bado," akasema, akavuta pumzi, akaanza tena. "Tini. Tini kidogo. Umepita."

Tini kwao ni chini; nilikuwa nimeshusha mno, nikarudi nyuma kwa unywele. Sikio langu lilikuwa linapinga. Lilitaka kuisukuma sauti juu, mahali ilipozoea, na ilibidi nilikaripie kimoyomoyo kama ninavyowakaripia waimbaji wangu wa kwaya. Mara ya nne, sauti ya mtu na sauti ya umeme ziliacha kusagana. Zilinyooka zikawa moja. Kwa muda sikujua yeye bado anaimba au amenyamaza.

"Hapo," akasema. "Usitikise."

Ti ilikuwa rahisi zaidi, mara mbili tu, lakini ya pili aliitoa kwa shida na mkono ulikwenda shingoni. Mizunguko mingine niliinakili mwenyewe, simu mkononi. Mara hii nilikuwa ninaifundisha simu.

Akapumzika. Alikunywa tangawizi na asali, akaswali adhuhuri, akarudi na kukaa kwenye mkeka, mgongo wima. Bi Mardhiya akaweka simu yake juu ya mto, akabonyeza kurekodi. Bi Umulkheir akaniambia nipige mimi, hakuna mwingine. Wimbo alikuwa amenifundisha kwa mdomo tangu Alhamisi, mashairi ya Bwana Obeid mwenyewe, juu ya mwanamume anayerekebisha saa za mji mzima na kila siku huchelewa chakula cha nyumbani.

Kwa mazoea ya kanisani nilianza kwa kubonyeza vitufe vitatu pamoja. Kinanda kikatoa sauti moja. Kile hakijui zaidi ya sauti moja kwa wakati.

"Kina adabu," akasema Bi Umulkheir. "Chasema neno moya, kisha chasikiza."

Basi nikapiga moja moja. Yeye anaimba mstari, mimi namjibu. Nimepiga vinanda miaka ishirini na mbili, na siku ile nilijua kwamba nilikuwa nikivipiga kama mtu anayeongea bila kumeza mate. Kila tulipofika kwenye mi, ile iliyolegea, ile niliyoiita mbovu, nilikawia kuiachia. Haikuwa huzuni na haikuwa furaha. Ilikaa katikati, na katikati pale palikuwa na nyumba nzima. Nilielewa kwa nini watu wa Chundwa walivuka maji kumwalika. Katika ubeti wa mwisho sauti yake ilikatika. Nilitaka kusimama. Yeye akanipa ishara kwa kidole niendelee, nami nikaishikilia sauti, nikaishikilia, mpaka akavuta pumzi akairudia na kumalizia wimbo wake chini kwa chini. Bi Mardhiya alikuwa analia bila kutoa sauti, asije akaharibu rekodi.

Jumapili waliondoka kwa basi. Nilikwenda stendi kuwaaga. Jumatatu nilichoma kidole kwa hita ya kuchomelea mara mbili, maana mawazo hayakuwa dukani. Jioni Bi Mardhiya aliniandikia kwamba mama ametoka salama, na kwamba kuhusu sauti, daktari anasema tungoje.

Tulingoja wiki tano. Nilivuka kwenda kumwona, nimebeba machungwa, sababu ya uongo mfukoni kwamba nataka kuangalia kifundo kimoja. Bi Mardhiya alinieleza mlangoni: anaongea kwa kunong'ona, na daktari amesema sauti yake haitarudi. Nilitaka kugeuka. Sikujua nitamwambia nini mtu kama yule.

Alikuwa ukumbini, amekaa mbele ya kinanda, kimewashwa, kimekwisha kupata joto. Kovu lake hakulifunika. Nilianza kumpa pole, nikajikwaa katika maneno, na yeye akainua mkono kuninyamazisha. Kwa mnong'ono ambao ilibidi niinamie, akanitaka hali, na hali ya watoto, na ya kwetu Nyamira.

Kisha akanyoosha kidole, akabonyeza mi. Hakuiachia. Ile sauti ikajaa ukumbini, imenyooka, haiyumbi, pale pale alipoiweka Jumamosi ile kwa koo lake. Akanitazama.

"Nisikize," akasema.